Maumivu Namba Mbili

“Mbili ni mbili,” daktari alisema, akigonga fomu kwa kalamu. “Siandiki ninachohisi mimi. Naandika alichosema mgonjwa.”

“Na mgonjwa anakudanganya, Meja.” Muuguzi alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake wote, na haukuwa mwili mdogo. “Kila ukimuuliza maumivu ni ngapi, sifuri mpaka kumi, anakwambia mbili. Hata akikatwa mguu atakwambia mbili.”

“Sasa nifanyeje? Nimfundishe kulia?”

“Umsikilize.”

“Nimemsikiliza. Kasema mbili.”

Walikuwa wakizungukana hivyo tangu saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya chumba cha dawa cha wodi ya wanajeshi wastaafu, chumba chembamba kiasi kwamba mmoja akivuta droo mwenzake hujikunja. Basi la hospitali lilikuwa linaondoka saa nne kwenda kwenye mashine ya mionzi. Viti sita, wagonjwa wa saratani kumi na mmoja. Jopo lililoketi upande wa pili wa korido lilipanga majina kwa alama, na alama nyingi zilitoka kwenye kisanduku cha maumivu. Atakayekosa leo asubiri wiki sita.

Mgonjwa wao, sajenti mstaafu ambaye wodi nzima ilimwita Kipanga, hakuwa na wiki sita. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Mwaka huu pekee muuguzi alikuwa ameona wawili waliosubiri kwa adabu namna hiyo mpaka miguu ikafa, wasisimame tena.

Kilichomchoma zaidi hakukisema. Chati ya Kipanga ilijaa mwandiko wa muuguzi mwenyewe. Mbili, mbili, mbili, asubuhi na jioni, siku kumi na tisa. Kanuni ilisema andika jibu la mgonjwa, naye aliandika huku akijua. Nusu ya hasira aliyokuwa akimmiminia Meja ilikuwa ya kujimwagia mwenyewe, lakini hilo halikumfanya aipunguze.

“Njoo,” alisema. “Dakika tano tu.”

Kipanga alisikia buti za Meja kabla hawajafika. Walimkuta kasimama kando ya kitanda, ndevu zimenyolewa, blanketi limekunjwa pembe nne, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma cha kitanda. Mkewe alikuwa kwenye stuli, taulo mapajani.

“Hali, Sajenti?”

“Fiti, afande.”

“Fiti,” mkewe alisema. “Muulize taulo hili limegugunwa na panya gani.” Akalikunjua. Ukingo wake wote ulikuwa nyuzi tupu.

“Mama Pacha, hayo ni ya nyumbani.”

“Nyumbani wapi? Tuko hospitali, Baba Pacha. Kwani unadhani hapa umekuja kukaguliwa gwaride?”

Muuguzi alimtazama Kipanga, akaona kitu ambacho alipaswa kukiona zamani. Mzee hakuwa akimtazama daktari usoni. Alikuwa akitazama mabega yake, pale penye cheo, kama alivyotazama mabega ya wakubwa maisha yake yote. Na mabega yakiuliza hali, jibu ni moja. Anayejibu vinginevyo huachwa kambini kulinda masufuria. Mjinga gani basi alimtuma Meja mwenye sare kuja kumuuliza sajenti kama anaumwa?

“Sajenti,” muuguzi alisema. “Ulikuwa kikosi cha doria?”

“Miaka kumi na minane.”

“Mkirudi mlitoa ripoti. Nipe ya leo. Adui yuko wapi?”

Kipanga alimtazama Meja, kisha muuguzi. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa nyingine, kavu, ya mtu anayesoma ramani.

“Mgongoni. Chini kidogo ya mbavu, kushoto. Tangu jana amesogea mpaka nyongani.”

“Nguvu yake?”

“Anatuzidi.”

“Anapumzika saa ngapi?”

“Robo saa baada ya vidonge. Saa nane za usiku mpaka alfajiri analeta silaha nzito.”

“Na upande wetu?”

“Mguu wa kulia hautii amri tangu juzi. Sikuripoti. Tukibaki hapa tutazingirwa. Naomba msaada.”

Mama Pacha aliacha kulikunja taulo. Muuguzi aliutazama mguu huo; haukubeba uzito. Tangu juzi.

Meja alisafisha koo. “Sawa. Sasa kwa namba, Sajenti. Sifuri mpaka kumi?”

“Mbili, afande.”

Mama Pacha alijifunika uso kwa taulo.

“Umeona?” Meja alimwambia muuguzi kwa sauti ya chini. “Jopo linataka namba aliyoitaja. Habari ya mguu nitaiandika pembeni.”

“Pembeni hawasomi.”

“Na atakayeporwa kiti?”

“Nenda kamuulize naye ripoti yake. Waulize wote, na hiyo sare uivue kwanza. Labda ndipo mtajua kwamba basi moja halitoshi.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Muuguzi alimnyang'anya Meja fomu, akaiegemeza kwenye kabati la kitanda, akaikata ile mbili kwa mstari ambao karibu uitoboe karatasi. Akaandika tisa. Chini yake akaandika mguu wa kulia unalegea siku ya tatu, nimeshuhudia, kisha jina lake lote na namba yake ya kazi.

“Hiyo ni kesi ya nidhamu,” Meja alisema. “Unajua?”

“Najua. Siku kumi na tisa nimeandika mbili, na hakuna aliyeniita kwenye kesi.”

Alivuta kiti cha magurudumu. “Mama, fungasha. Ndala zinatosha.”

“Korido ni fupi hiyo,” Kipanga alisema. “Natembea.”

“Kaa. Ni amri.”

Akakaa. Muuguzi alimwekea fomu mapajani, akakisukuma kiti kuvuka korido, na mlango wa jopo akaufungua kwa vikanyagio vya kile kiti, bila kubisha hodi.