Kasuku na Fundi wa Wiki Mbili

Kanisa letu lilituma watu tisa kuhudumu wiki mbili kwenye kituo cha watoto yatima. Mimi ni fundi cherehani, hivyo nilipewa kazi ya kushona sare. Siku ya kwanza tu, msichana wa miaka saba alihamia kando ya cherehani yangu. Walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mama fundi, una watoto wangapi?"

"Sina, mwanangu."

Akanyamaza. Mlezi wa kituo aliinua kichwa kuhakikisha hajaugua.

Siku ya kuondoka nilimvalisha sare yake. Nilikuwa nimeacha pindo pana la kushusha baadaye. Akalishika, akauliza, "Nikirefuka, utakuja kulishusha wewe?"

Neno "ndiyo" lilinifika mdomoni. Lakini mlezi alishatuonya: wageni huahidi, halafu watoto hushinda getini wakisubiri gari.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Ila ningependa sana."

"Basi nitarefuka polepole."

Huu ni mwezi wa nne tangu nirudi nyumbani. Nashona, nacheka na wateja, naimba kwaya, na bado roho inaniuma. Juzi nilimpigia mlezi simu kuuliza kama wanahitaji fundi wa kudumu.

"Kwa sasa nafasi hakuna," alisema kwa upole. "Lakini mwandikie Kasuku. Ila ukianza, dada, usiache."

Jana nilituma barua ya kwanza. Leo, kabla hata haijafika, nimeanza ya pili.