Uzito wa Mabibi

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, Hilari alifuta mizani kwa kitambaa chenye spiriti, akafungua mlango wa duka la dawa karibu na soko la Tabora, na mabibi wakaingia mmoja mmoja kupimwa. Walikuwa wake wa maofisa wa Kiingereza na wake wa wafanyabiashara wakubwa wa mjini. Hilari alisoma ratili, akaziandika, kisha akatoa chini ya meza chupa yenye jina la bibi mwenyewe.

Vidonge vile vilitengenezwa Ulaya kwa tezi ya shingo ya kondoo, kwa ajili ya watu ambao tezi yao imekufa: wale wanaovimba uso, wanaotetemeka kwa baridi juani, wanaosema polepole kama wanaotafuta kila neno. Mabibi waligundua kwamba mtu asiyeumwa akivimeza hukonda. Mwaka ule, 1953, chupa ya shilingi mbili ikafika kumi na tano, na mwenye duka akaamuru zote wawekewe wao.

Uzito walioupunguza haukupotea. Bibi akishuka, ulibaki juu ya mizani, mweupe, wenye joto, laini kama unga uliokandwa. Hilari aliuzoa kwa beleshi dogo ili bibi anayefuata asipimwe pamoja na wa mwenzake, akautia katika magunia ya karanga stoo. Kufikia Juni magunia yalikuwa tisa. Mwenye duka alilalamika tu kwamba yanaziba njia.

Mwezi huo akaja mama mdogo wa Hilari, Apolinaria, kwa lori kutoka Lusu, akimshika mkono binti yake Tekla. Apolinaria ndiye aliyemlea Hilari, akauza mbuzi wake wote ili asome misheni. Tekla alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, na jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Daktari wa misheni ametuandikia karatasi hii."

Hilari aliisoma mara mbili, ingawa aliielewa mara ya kwanza. Goti lake lilikuwa limegusa chupa chini ya meza.

"Imekwisha," akasema. "Labda meli ijayo."

Tekla akafungua kinywa. Wote wakamngoja.

"Asante," akasema mwishowe, "kaka."

Apolinaria alimtazama Hilari, kisha akatazama stoo. "Na yale magunia?"

"Uzito wa mabibi."

"Hawautaki?"

"Hawautaki."

"Kwetu mvua haikunyesha. Watoto wamebaki mbavu. Basi tupe hata gunia moja."

Akawapa matatu. Aliyabeba mwenyewe mgongoni hadi kwenye lori, akikataa msaada wa wapagazi.

Lusu waligawana kwa kibaba mlangoni pa kanisa, baada ya Misa. Watoto wakapata mashavu na mapaja. Mmoja alipata kidevu cha pili chenye vidoadoa, cha mke wa ofisa wa reli, na mama yake akakizoea. Habari zilifika Choma na Kaliua. Watu wakaja dukani na vikapu. Mwenye duka akapanga shilingi moja kwa ratili, na Hilari, mwenye mwandiko mzuri, akaandika kibao.

Tekla hakuhitaji uzito. Mwezi wa Septemba alianza kusema, "Mama, nasikia," na siku ya tatu akamalizia, "baridi." Kisha akafa.

Hilari alifika matangani akiwa na chupa moja mfukoni, bila kujua ni ya nini sasa. Watu walipotawanyika alimfuata Apolinaria jikoni, akamkuta anachambua maharage.

"Mama mdogo, siku ile dawa ilikuwepo."

"Niliziona chupa, baba." Mikono yake haikusimama. "Nilikuonea haya mbele ya dada yako. Ndiyo maana nikauliza habari ya magunia."

Akampakulia ugali na mboga, akamnawisha mikono. Hilari alikula mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa mama mdogo alikuwa anamwangalia. Uani watoto wanene walikuwa wanacheza, na mmoja wao alicheka kicheko cha bibi mzima wa mjini.

Chupa hakuitoa. Alirudi nayo Tabora, na Jumatatu, kabla ya saa nne, ilikuwa imeuzwa.