Asiyetwishwa

Siku ya kwanza wanawake wa Handeni walipomwona Yulani akijitwisha ndoo mwenyewe, walifurahi kweli kweli. Alichuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, akaikamata ndoo kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na kabla mtu hajasema hili wala lile maji yalikuwa yameshapita kifuani na kutulia kichwani, hayajamwagika hata tone. Wakapiga makofi. Mmoja akasema huyu Mchina angekuwa mwanamume angeoa wanne na wote wangeshiba. Wakacheka, na Yulani naye akacheka ingawa hakuelewa kitu, maana alikuwa na hamu ya kucheka na watu.

Siku ya pili ndipo alipoharibu. Mashavu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mke wa fundi baiskeli, aliinama mbele yake akashika ukingo wa ndoo ili amtwishe. Yulani akainua kiganja kumzuia, akatikisa kichwa, akajitwisha mwenyewe na kwenda zake. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini Mashavu alibaki ameinama pale, mikono hewani, mbele ya wenzake wote, na mwanamke aliyeaibishwa kisimani hasahau upesi.

Asiyeteka maji ataona hilo ni jambo dogo. Pale kisimani mwanamke hajitwishi wakati mwenzake amesimama. Husema nitwishe, mwenzake huinama, wakaishika ndoo huku na huku na kuinuka nayo pamoja, uso kwa uso. Ni katika kuinuka huko ndipo husemwa yale yasiyosemeka barazani: mume kalala nje, mtoto anachemka homa, mwezi huu sijaziona siku zangu. Ukiukataa mkono wa mtu kwenye ndoo yako umemwambia kwamba unamwonea kinyaa, au kwamba wewe huna haja na binadamu. Wanawake wa kisimani waliamua kuamini yote mawili.

Hawakujua alikotoka, na hakuna aliyemwuliza. Kwao China alizaliwa katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Alikuwa bado msichana mdogo wakati kocha mmoja alipomwona akipanda kilima na ndoo mbili zikining'inia kwenye mti wa begani, akamchukua. Akakulia bwenini. Alinyanyua vyuma asubuhi na jioni, akala chakula cha kupimiwa, akalia kwa siri. Na sheria iliyotangulia zote ilikuwa hii: chuma kikishaanza kupanda hakuna wa kukigusa ila wewe. Mkono wa mwingine ukikigusa, hata kwa huruma, hata kwa bahati mbaya, umeshindwa. Sheria hiyo ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Basi wanawake walipoanza kushindania ubingwa wa dunia naye alikuwamo, akarudi na dhahabu, na mwaka uliofuata akarudi na nyingine. Wimbo wa taifa ulipopigwa alisimama juu peke yake, akatafuta kwa macho mtu wa kumkumbatia, akaona kamera tu.

Kisha bega likachomoka mbele ya watu. Wakubwa wa mchezo wakamshukuru, wakampa shada la maua na kazi ya kukata tiketi kwenye bwawa la kuogelea. Olimpiki aliiona kwenye televisheni ya bwawani, tena ya wanaume, kwa kuwa wanawake wa vyuma walikuwa hawajafunguliwa mlango huo.

Aliyemleta Tanzania ni mumewe, Bwana Chen, fundi wa kuchimba visima. Mradi wake ulipokwisha hakurudi kwao. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye bidhaa na mdomo alifungua duka, na Bwana Chen alikuwa na vyote viwili. Akapanga chumba Handeni, akakijaza chupa za chai, tochi, redio na bakuli za bati. Baadaye akafungua duka la pili Korogwe, kando ya barabara kuu, la Handeni akamwachia mke. Mwanzoni alikuja kila wiki. Halafu ikawa kila mwezi, halafu zikaanza kuja salamu tu, kwamba njia mbaya, kwamba mzigo umechelewa.

Watu waliingia dukani, wakanunua betri, wakatoka. Mtaani pale chumvi iliazimwa mlango kwa mlango, lakini ikifika kwa Yulani iliuruka mlango wake na kuendelea mbele. Mashavu akimwona alfajiri akifagia, alimpa mgongo. Yulani alikuwa na Kiswahili cha dukani: kubwa, ndogo, nyekundu, haipungui. Maneno ya kumwambia mtu kwamba unaumia kwa upweke hayapatikani kwa kuuza tochi. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu mmoja tu wa kumweleza jambo, naye alisikie.

Na jambo likaja. Mwaka ule wa ukame, kabla ya zile mvua zilizoondoka na madaraja, redio yake ya masafa mafupi ilisema kwa Kichina kwamba wanawake nao watanyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya mwaka elfu mbili. Yulani alikaa chini nyuma ya meza ya duka. Mlango ule wa Olimpiki ulikuwa umefunguliwa, na yeye nywele zimeshaanza mvi na bega haliinuki bila kulia. Alifurahi, akaona uchungu, akafurahi tena, na vyote hivyo havikuwa na pa kwenda. Akafunga duka, akapanda basi la Korogwe kwenda kumwambia mumewe.

Kwenye duka la Bwana Chen zilikuwa zinaning'inia suruali za mitumba. Mwenye nazo, kijana mstaarabu aitwaye Adamu, alimvutia kiti na kumweleza taratibu, huku akitazama sakafu, kwamba Bwana Chen alimwuzia chumba na kila kilichokuwamo, akaenda Dar es Salaam kupanda ndege. Ni wiki kadhaa sasa. Adamu alidhani mume na mke wamekubaliana. Yulani hakulia. Alishukuru kwa kiti, akasimama, akatembea mpaka stendi kama mtu anayekwenda kununua kitu.

Stendi alimkuta Sipora, mama wa Kimasai aliyekuwa ametoka kuuza samli Mkumbara, naye akingoja basi la Handeni. Walifahamiana kwa kuonana tu, Sipora akinywesha punda zake pale kisimani. Yulani alitaka kumwambia habari za Chen, lakini kinywa kilipofunguka kilitoa swali jingine lililokuwa limekaa ndani siku nyingi: kwa nini wanawake wa kisimani wanamchukia. Akaonyesha kwa mikono namna Mashavu alivyoinama, na yeye alivyomzuia.

Sipora alimtazama sana.

"Mwanangu, pale hatujitwishi," akasema. "Hata mimi, Mmasai, mzigo wangu wanabeba punda. Lakini siku nikiwa na ndoo, naomba. Kuomba si kwamba huna nguvu. Ni salamu ile. Wewe umeikataa salamu."

Basi lilifika wakapanda, na njia nzima Yulani alirudia neno moja kwa sauti ya chini, nitwishe, mpaka likakaa sawa mdomoni.

Asubuhi yake alikwenda kisimani mapema. Akajaza ndoo, akaiweka chini, akaweka kata ya kanga kichwani, akapiga moyo konde. Akasema, "Nitwishe."

Wanawake wakatazamana. Kisha Rosina, muuza maandazi ambaye ulimi wake haujui kupumzika, akasema leo Mchina katuletea mzaha, mtu anayebeba gunia la mahindi kama mto wa kulalia anaomba atwishwe ndoo. Wengine wakacheka, na kicheko hiki hakikuwa kile cha siku ya kwanza. Yulani akalirudia neno. Hakuna aliyeinama. Walitwishana wao kwa wao, wakaondoka mmoja mmoja, na aliyekuwa akiwatwisha hao wa mwisho ni Mashavu, kwa kuwa ndoo yake ilichelewa kujaa. Rosina naye alipotwishwa na kuondoka, kisimani walibaki wawili.

Mashavu alitazama njia. Hakuna aliyekuwa akija. Tumbo lake lilikuwa kubwa, miezi imekaribia kutimia, na ndoo ile asingeweza kuiinua peke yake. Alingoja, akahamisha uzito mara mguu huu, mara mguu ule, mpaka akachoka. Akasema bila kumtazama, "Haya, nitwishe."

Yulani akainama na kuipandisha ndoo mara moja, yote, mikono ya Mashavu ikifuata tu. Mashavu akaondoka.

Sasa Yulani alikuwa peke yake na ndoo yake. Angeweza kujitwisha kwa kufumba na kufumbua, wala hakukuwa na wa kumwona. Maisha yake yote mzigo uliobaki chini ulikuwa aibu, na mikono yenyewe ilikuwa ikimwasha. Lakini alijua kinachomngoja akiibeba: duka, kitanda, redio. Angefika, angetua, na hiyo ndiyo ingekuwa siku yake, na siku zote baada ya hiyo. Akaiacha ndoo chini, akasimama kando yake. Jua likapanda. Nyuki wakaja kunywa kwenye ukingo wa ndoo, naye akaanza kujiona mjinga.

Mashavu alirudi mikono mitupu, hana ndoo wala dumu. Akasimama mbele yake akihema.

"Bado upo?"

"Bado."

Mashavu akashusha pumzi, akainama kwa taabu kwa ajili ya tumbo, akashika ukingo. Yulani naye akashika na kuvuta juu kama alivyozoea.

"Polepole, dada," Mashavu akasema. "Niachie na mimi."

Yulani akalegeza. Alikuwa hajawahi kunyanyua nusu ya kitu, na hakujua inafanywaje. Ndoo ikayumba, maji yakawamwagikia wote wawili kifuani. Wakainuka nayo pamoja. Ilipofika usawa wa nyuso, Mashavu akauliza kwa sauti ya chini, kama inavyoulizwa pale, "Shemeji karudi?"

"Ameuza duka," Yulani akasema. "Amekwenda. Harudi."

Ndoo ilikuwa imeshakaa vizuri juu ya kata. Mashavu hakuondoa mikono yake.

"Twende," akasema. "Kwako hakuna wa kukutua."