Taa Zote Kijani

Fundi wa seva alipandwa na hasira kabla hata hajatua mkoba. Bosi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kijani kwa jinsi alivyopenda kuona kila taa ikiwaka kijani, alikuwa anafuta mafaili ya kliniki ya koo kwenye seva kuu, eti apate nafasi.

"Si yapo kwenye nakala?" alisema, hana hata wasiwasi.

Nakala! Fundi alikuwa amemweleza mpaka akachoka: seva ya akiba inaiga seva kuu kwa kila kitu. Ukiandika huku, kule inaandika. Ukifuta huku, kule inafuta. Aliomba ya akiba iwe inachelewa angalau siku moja nyuma, akaambiwa aache ujuaji, wateja wanataka kasi.

Na kwenye mafaili hayo ndimo ilimokuwa sauti ya dada yake fundi. Kliniki ilimrekodi kabla ya upasuaji uliomwacha bubu, akisoma, akicheka, akiwaita wanawe kwa majina ya utani, ili siku moja mashine iwe inamsemea kwa sauti yake mwenyewe.

Fundi alitoka mbio hadi chumba cha seva, akachomoa waya wa mtandao kwenye seva ya akiba. Ufutaji ulikuwa umefika katikati. Faili la dada bado lilikuwepo. Akashusha pumzi, akabandika karatasi iliyoandikwa USIGUSE, akakimbilia stoo kuchukua diski ya kulihifadhi.

Aliporudi, waya ulikuwa umechomekwa. Taa zote kijani. Faili halipo.

"Wageni wako mlangoni," Bwana Kijani alisema. "Taa nyekundu itatutia aibu."

"Karatasi hukuiona?"

"Niliiona. Kwani hii ofisi ya nani?"

"Umefuta sauti ya dada yangu!"

"Basi arekodiwe tena. Hilo nalo la kunipigia kelele?"

Fundi alitamani kumzaba kofi. Badala yake akatoa simu, akabonyeza namba ya dada, akamshindilia bosi mkononi.

"Mwambie wewe."

Simu ikapokelewa. Bwana Kijani akakohoa kidogo, akalainisha sauti ile anayoongelea na wateja.

"Haloo, dada? Haloo?" Akamgeukia fundi, amekunja uso. "Mbona haongei huyu?"