Msumeno Uliolala Nyumba Nne

"Inua kidogo, shemeji, unaibana bledi," alisema Mama Randa.

Shemeji yake akainua ncha ya ubao. Msumeno wa duara ukapita bila kusita, ukimwaga unga wa mbao juu ya miguu yao. Walikuwa wanamtengenezea mlango jirani yao muuza mkaa, ambaye tangu mvua ivunje ule wa zamani alikuwa analala nyuma ya gunia.

Msumeno ule ulikuwa wa chuma kitupu, mzito kama mtoto aliyegoma kutembea. Marehemu mume wa Mama Randa aliununua ukiwa tayari mzee. Rangi ilishabanduka, na mpini uling'aa kwa jasho la mikono, mingine ya watu waliokwisha kuzikwa. Kila kitu ndani yake kilifungwa kwa bolti, na kila bolti ilifunguka. Waya ukikatika, unaunga. Kaboni za mota zikiisha, unatia nyingine, kazi inaendelea.

Pembeni ulikuwepo mwingine, mpya, wa plastiki, walioununua kwa kuchangishana baada ya kusumbuliwa na manispaa kwa sababu ya ule wa chuma. Uliungua kabla kabati la kwanza halijaisha. Fundi umeme aliugeuza huku na huku, akakosa pa kufungulia. "Huu mmeletewa maiti," alisema, akawarudishia bila kuwatoza kitu. Tangu hapo Mzee Gundi, fundi mwenzao, aliutumia kukandamizia mbao zilizopakwa gundi.

Alasiri ile akaja bwana wa manispaa, ambaye ofisi yake ilitazamana nao ng'ambo ya barabara. Karakana nzima ilimwita Stika.

"Mama, mashine hii haina stika ya usalama."

Mama Randa akamwonyesha kava linavyoshuka lenyewe kufunika meno. "Ikague, baba, kisha uibandike hiyo stika."

"Kuukuu hazibandikwi. Stika inakuja na mashine mpya, pale dukani."

"Mpya tunayo," alisema Mzee Gundi, akielekeza kwa kidevu. "Na stika yake ile pale. Ni salama kabisa. Haijakata mtu, wala haijakata ubao."

Kijiti, fundi mwembamba kuliko wote, alicheka, akajifanya anakohoa.

Stika hakucheka. "Jioni nakuja na gari kuuchukua. Msiuguse."

Alipoondoka, walimaliza mlango, maana muuza mkaa hakuwa na kosa, wakauegemeza kwenye nguzo umngoje.

Karakana yao ilikuwa paa na nguzo tu. Watu waliwatania: mafundi wa milango wasio na mlango. Ndiyo maana kila jioni waliufungua msumeno, kila mmoja akaenda kwake na kipande. Shemeji alibeba mota, Mzee Gundi sahani ya chini, Kijiti kava, na Mama Randa bledi, akiwa ameifunga kwa kitambaa kama mkate. Mmoja asipotokea asubuhi, hakuna kazi. Kwa hiyo walizoea kujuliana hali, na mgonjwa hakulala siku nzima bila kupelekewa uji.

Jioni ile Mama Randa alishika spana, akasita. "Amesema tusiuguse."

"Mimi nafunga kazi tu, kama siku zote," alisema Mzee Gundi.

"Anayeona uzito aache kipande chake mezani. Sitamlaumu mtu." Mama Randa hakumtazama Kijiti, lakini wote walijua mkewe ametoka kujifungua, na mwenye mtoto mchanga hatafuti kesi.

Kijiti akalichukua kava, akalitia kwenye mfuko wenye nepi za mtoto, akaondoka.

Gari lilipofika, Mama Randa alikuwa peke yake, anafagia.

"Uko wapi?" aliuliza Stika.

"Umekwenda kulala."

"Wapi?"

"Kwa watu wake."

Stika akatazama huku na huku, akaipiga meza teke. "Basi pakieni hii meza. Na kesho nikisikia mlio hapa, nakuja na polisi."

Mmoja wa wapakizi waliokuja na gari aliikuta miwani ya Mama Randa juu ya meza. Akaifuta kwa shati lake, akampa kwa mikono miwili. "Utusamehe, mama," alinong'ona.

Asubuhi Mama Randa alifika na bledi yake. Mzee Gundi akaja, kisha shemeji. Wakakaa chini wakingoja. Hakuna aliyelitaja jina la Kijiti. Mkono wa Mama Randa ulikuwa unalipapasa lile duara la meno, polepole, ndani ya kitambaa.

Aliyetokea baada yao ni muuza mkaa, anasukuma mapipa mawili matupu. "Nimesikia meza yenu imechukuliwa. Tandikeni mlango wangu juu ya haya. Gunia nimeshalizoea, litanivumilia siku nyingine."

Walipokuwa wanautandika, Kijiti akatokea mbio na mfuko wa nepi. Kava lilikuwa linang'aa.

"Mama mtoto kalifuta kwa mafuta," alisema akihema. "Kasema lisiende barabarani limechafuka."

Mama Randa akageuza uso kidogo, kisha akaomba spana. Bolti zikaingia moja baada ya nyingine, mahali pake palepale.

"Tugeuze mapipa, shemeji," alisema. "Tuelekee barabarani."

Ng'ambo, dirisha la Stika lilikuwa wazi. Mama Randa akavaa miwani, akaweka ubao, akabonyeza swichi.