Wimbo Ulioliza Harusi ya Galu

Mwaka wa hamsini na sita Msambweni ilikuwa na hospitali moja, wauza samaki saba, na watunzi wa nyimbo ambao hakuna aliyewahi kumaliza kuwahesabu.

Alikuwapo Mwalimu Randu, ambaye misheni ilimfundisha kuandika sauti kwa do-re-mi akashindwa kuacha. Alitunga wimbo wa kuchimba vyoo, wimbo wa kuua mbu, na wimbo wa kunawa mikono wenye beti kumi na nne. Ukiufuata wote mikono inakauka kabla hujaifikia sabuni. Alikuwapo Bi Mwanaima, msuka makuti, ambaye hakuweza kutunga ila akiwa na hasira. Mwaka ambao hakugombana na mtu, harusi zetu zilikosa nyimbo mpya, na wapo waliokwenda kumchokoza makusudi ili shangazi zao wapate cha kuchezea. Hawa walitunga kwa kupenda tu. Hawakulipwa, hawakuombwa, na hawakunyamaza.

Mtunzi wa kazi alikuwa mmoja, binamu yangu Alfani. Tulijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alituambia.

Alikaa Mombasa miaka miwili akibeba udi wa mtu mwingine katika kikundi cha taarabu, na miezi minane akiupiga. Alirudi na koti, na mafuta ya nywele, na tabia ya kufumba macho kila anaposemeshwa. Ukimuuliza umeamkaje, hukujibiwa mpaka ametafakari. Wimbo aliotunga mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mfupi sana. Hata huo, maneno niliandika mimi. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nangoja kazi ya ukarani, nayo kazi ya ukarani inaningoja mimi, kila mmoja mahali pake.

Sasa Alfani akampenda Mwanapili, binti wa Mzee Matano wa Galu, mwenye minazi. Nilimsindikiza kwenda kuposa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako nini?"

"Mtunzi, mzee."

"Hilo nimelisikia. Nauliza kazi."

Alfani akafumba macho. Mzee Matano akamngoja, akanywa kahawa yake, akaweka kikombe chini.

"Sikiza. Siku nitakayoona jina lako limeandikwa kwenye santuri, nitakuoza. Mwisho ni Maulidi. Likikosekana, usirudi hapa na koti lako, nenda ukakate miwa kama wenzako."

Maulidi ilikuwa imebakiza miezi minne. Lakini Mungu alimpa njia. Mwezi uliofuata Mzee Matano alikuwa anamwoza binti yake mkubwa, Esha, na katika waalikwa alikuwamo tajiri mmoja wa Mombasa mwenye duka la santuri. Habari ilienea mpaka Vanga: tajiri atakuja na mashine yake ya kunasa sauti, atasikiliza watunzi wa huku, na atakayempendeza atatia sahihi karatasi palepale.

Kwa hivyo Alfani alihitaji wimbo mpya, na mpya ndio alioukosa. Alikaa wiki mbili na udi wake barazani akitoa sauti moja, ileile. Mama yake akamwomba akatungie shambani. Mwisho akapata jipu shingoni, nikampeleka hospitali ya Msambweni likapasuliwe.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja. Chini, ukutani, alikaa mama mmoja mzee wa huko bara, upande wa Kinango, amejifunga hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa bara. Mbele yake palikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri, na viatu vya kiume vya mpira wa gari juu yake. Alikuwa akiimba Kiduruma kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisahihisha: anafika mahali, anarudi nyuma, anabadili neno, anaendelea.

Alfani akafumbua macho. Hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Umesikia hiyo, Chirau? Inapanda, halafu inakataa kushuka."

"Muulize ni wimbo wa nini."

"Fundi haulizi. Fundi anapokea."

Akapokea. Aliupokea mara nne, tano, mpaka akaitwa ndani, na alipotoka na bandeji yake alikuwa anauvuma. Mimi nilikuwa nimeliona lile blanketi. Nilikuwa nimeviona viatu, na nimeona kwamba mwenye viatu hayupo. Nikatoa penseli. Nilikuwa natafuta vina.

Siku ya harusi tulipanga mkeka na viti chini ya turubai, wanawake wakakaa upande wa pili wa pazia. Mzee Matano alikuwa Mdigo wa pwani, lakini mkewe, Mama Kadzo, alitolewa bara, na ndugu zake walikuja kwa miguu na kwa lori, wakiongozwa na kaka yake, Mjomba Mwero, mfuga ng'ombe asiyesema mambo mawili pale moja linapotosha. Tajiri wa santuri aliketi mbele na mashine yake na betri ya gari.

Mwalimu Randu alianza. Alileta watoto ishirini, wakawaimbia maharusi kwa sauti nne umuhimu wa kuchemsha maji ya kunywa. Tajiri aliizima mashine katika ubeti wa tatu kuokoa betri.

Kisha Alfani akasimama, akavuta koti, akafumba macho, akaingia. Maneno yalikuwa yangu, na sitawaficha:

*Ua langu la Galu, umelala huamki,*
*nimekuja mlangoni, naita huitiki.*

Watu wa pwani walikaa kimya tangu ubeti wa kwanza. Lazima niseme kweli, ulikuwa mzuri. Ulipofika pale unapokataa kushuka, tajiri aliinua kidole watu wasikohoe.

Ndipo nikamwona Mjomba Mwero anavua kofia.

Wazee wa bara wote wakavua. Mmoja akasimama, wakasimama wengine. Nyuma ya pazia mwanamke akatoa kilio kirefu, akafuatwa na mwingine, na mwingine. Nikasikia kanga zinafungwa viunoni na miguu inaanza kukanyaga kwa pamoja. Alfani, macho yamefumbwa, alidhani ni sifa. Akazidisha.

Mama Kadzo alitoka kwa wanawake mbio, mikono ina unga.

"Kaka, nani amekufa? Mbona hamkuniambia? Nani amekufa nyumbani?"

"Nami naliuliza hilohilo," alisema Mjomba Mwero. "Mwulize huyu anayepiga."

Udi ukanyamaza. Vilio vikaendelea kidogo, halafu navyo vikakoma, kimoja kimoja. Mjomba Mwero akamkaribia Alfani, hana hasira, ana adabu tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kijana, sauti hiyo kwetu haitolewi ila pana maiti. Nasi tumevua kofia. Sasa tuonyeshe maiti tumzike."

"Ni wimbo wa mapenzi, mjomba. Nimeutunga."

"Umeutunga wewe."

"Nilipokea."

"Kwa nani?"

Alfani akapapasa shingoni, bandeji haikuwapo tena. "Ulinijia tu. Nilikuwa hospitali."

"Ulimjia Kache," alisema Mjomba Mwero. "Alimtungia mumewe pale Msambweni, asubuhi aliyofariki, akingoja lori la kumchukua. Tumemlilia kwa wimbo huo siku saba. Hakuna mwanamke wa Kinango anayetunga kama Kache, na hajawahi kujiita chochote."

Wazee wakashauriana. Uamuzi ulikuwa mfupi: Alfani alete kondoo mweusi, nyumba isafishwe kabla bibi harusi hajatoka, na wimbo ule usimtoke mdomoni tena. Wangemsamehe, nadhani. Mjomba Mwero alikuwa tayari amevaa kofia yake.

Lakini tajiri alikuwa amesimama, ameshika karatasi, uso umemwiva kwa furaha.

"Huu ndio. Nimezunguka toka Lamu, sijaona wimbo wa mapenzi unaoliza watu hivi. Na vilio vyote nimevinasa. Tia sahihi, kijana. Kesho asubuhi narudi Mombasa."

Mama Kadzo akaifuta mikono yake kwa leso, taratibu.

"Alfani, mwanangu, nisikilize. Wimbo huo ukiingia kwenye santuri utapigwa kila mkahawa, na kila ukipigwa ndugu zangu watauliza nani amekufa. Ukitia sahihi, mtoto wangu humpati."

"Lakini mama, mzee alisema santuri."

Wote wakamgeukia Mzee Matano. Mzee Matano akaikagua fimbo yake. "Nilisema santuri, kweli," alisema. "Mke wangu naye amesema."

"Basi nipe mwingine," alisema tajiri, ambaye kwa haki yake alikuwa mtu mwema. "Wewe si mtunzi wa kazi? Betri bado ina nguvu. Piga mwingine, nitauchukua huo, kila mtu afurahi."

Ilikuwa rahisi hivyo. Wimbo mmoja, wowote, na angepata santuri na mke na radhi za wakwe. Alfani akakaa, akaupiga ule wake mfupi. Ukaisha.

"Uliobaki?" aliuliza tajiri.

"Ndio wote."

Akafumba macho. Tulingoja. Alitoa sauti moja, ileile ya barazani, akaitoa tena. Mwalimu Randu akainama sikioni mwangu, akaniambia ule wa kunawa mikono anaweza kuutoa bure, na beti nne zikipunguzwa hatakasirika. Ilinibidi nitazame viatu vyangu. Bi Mwanaima, aliyekuwa nyuma ya pazia, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba asiyeweza kutunga akiwa amebanwa namna hii hata akatiwa kwenye kinu hatatoa kitu.

Alfani akafumbua macho. Akalitazama pazia, kwa muda, nampa haki yake. Kisha akaitazama karatasi.

"Jina litaandikwa kubwa?" alimuuliza tajiri.

"Kubwa, kwa rangi ya dhahabu."

"Kalamu iko wapi?"

Tajiri akajipapasa mifuko. Kabla hajaipata, mkono ulitoka ubavuni mwa pazia, una hina mpaka kiwikoni, umeshika kalamu ya wino.

"Mpeni," ilisema sauti ya Mwanapili. "Ina wino wa kutosha."

Akatia sahihi. Mama Kadzo akakunja leso yake. Alirudi kwenye unga wake. Kondoo, nilikwenda kumtafuta mimi.

Jioni ile, tukiaga, Mzee Matano alinishika mkono mlangoni. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Lile sharti la santuri si langu," alisema. "Alilileta Mwanapili mwenyewe. Aliniambia, baba, mpe kitu ambacho hatakiweza, maana nikimkataa waziwazi atanitungia wimbo."

Sikumwambia Alfani. Tulitembea njia ya Msambweni, yeye mbele na udi, akihesabu miezi mpaka santuri itoke. Hakuwa na huzuni niliyoitegemea. Kilichomkera ni kwamba santuri ina pande mbili.

"Watataka wimbo wa upande wa pili," alisema. "Una maneno, Chirau?"

"Ninazo beti nne."

"Zisome."

Nilizisoma. Zilikuwa juu ya bwana mmoja aliyeiba kilio cha mjane ili apate mke, akakosa mke, akabaki na jina lake la dhahabu na mashairi ya watu. Nilizisoma polepole, nikitaja koti, na mafuta ya nywele. Alinisikiliza macho yamefumbwa, akajikwaa kwenye mzizi, akanisikiliza tena.

"Nzuri sana," alisema. "Hata kuchekesha zinachekesha. Lakini watu watasema tumetia chumvi. Mtu wa namna hii yupo kweli?"

Nikamwambia yupo, na kwamba ana udi wake mwenyewe.

"Basi nitafutie jina lake," alisema Alfani, "tumtaje."