Mtani wa Namba Kumi na Saba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 14 Machi 2023, namba 17 ilikuwa imeshaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa duka la nafaka la Eufrazia, na rangi ilikuwa bado mbichi. Aliyeipaka alikuwa amefika namba 20. Nyuma yake alifuata karani aitwaye Oscar, kishikwambi mkononi, akisimama mlango kwa mlango.

Maduka ya Shabbir, upande wa Kihonda, Morogoro, yalikuwa fremu ishirini na mbili katika safu moja, chini ya bati moja, mbele ya kibaraza kimoja kirefu. Mzee Shabbir aliyajenga wakati upande ule ukiwa bado mashamba, na watu wa mjini walimcheka kwamba anawajengea kanga na nyani. Nyumba zikamfuata. Alipofariki mwaka 2021, maduka yalibaki kwa binti yake Fiza, mhandisi, naye akaamua kuyabomoa na kuinua jengo la ghorofa tatu. Tangazo lilibandikwa mwezi Februari. Kila aliyeendesha biashara ndani ya fremu angeandikwa, na angepewa fremu ghorofa ya chini katika jengo jipya. Watu wa barazani, yaani mafundi cherehani, wauza vocha na fundi viatu, hawakutajwa.

Fundi viatu alikuwa Nasibu, Mnyamwezi wa Urambo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameweka boksi lake la gundi na misumari mbele ya mlango wa Eufrazia. Eufrazia, Mama Gervas kwa majirani, alikuwa Mluguru wa Mgeta, mjane, na alikuwa ndani ya ile fremu kwa miaka kumi na tisa, akiuza mchele wa Turiani na maharage ya kwao. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na hawa wawili waliutumikia utani huo kama watu wengine wanavyotumikia kanisa. Nasibu alimwita mjakazi wake. Eufrazia alimwita mpagazi, na kuwaambia wateja wasimkanyage, kwani ni mzigo uliosahauliwa na msafara. Sheria yao ilikuwa ile ya siku zote: mtani hapingwi, hujibiwa kwa neno kubwa zaidi. Anayekasirika hulipa faini.

"Shikamoo, mama," Oscar alisema.

"Marahaba, baba. Karibu."

"Fremu hii ya nani?"

Eufrazia hakuwahi kufungua kinywa. Nasibu alikuwa ameinuka na kiatu cha mtu mkononi.

"Yangu."

"Yako?"

"Yangu. Na huyu mama ni wangu pia. Babu yangu alimwacha hapa rehani, akasema atarudi kumkomboa, akafia njiani."

Mlango wa 18, Editha, mwenye saluni, alianza kucheka kabla sentensi haijaisha. Wa 16, Thobias, muuza vifaa vya ujenzi, alitoka nje kusikiliza. Wote wawili walimtazama Eufrazia, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

"Ni kweli, bwana karani," Eufrazia alisema, akipiga goti. "Mimi mjakazi tu. Bwana mkubwa anashona viatu ili wezi wasijue utajiri wake."

"Kwa hiyo mwendeshaji ni yeye?"

"Ni yeye. Usimwone ananuka gundi, ni mafuta ya kisultani hayo!"

Oscar naye alicheka. Editha na Thobias walilithibitisha hilo baadaye, kila mmoja kwa wakati wake. Alimwambia Nasibu asimame kando ya namba. Nasibu akachota kopo la mchele, akalishika kifuani kama fimbo ya utawala, akapigwa picha. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kioo. Oscar alimgeuzia Eufrazia kishikwambi na kumwomba sahihi ya shahidi. Alitia sahihi kwa ncha ya kidole, mkono wa pili ukifuta machozi ya kicheko. Miwani yake ilikuwa ndani, juu ya mizani. Alipokwisha kujifuta alitoa kitambulisho chake cha mjasiriamali na kumnyooshea karani, lakini karani alikuwa ameshafika mlango wa Editha. Akakirudisha kifuani. Aliona kuwa kijana ameelewa. Mtanzania gani hajui utani?

Orodha ilibandikwa Jumatatu tarehe 3 Aprili, saa nne asubuhi. Mstari wa kumi na saba ulisomeka: Nasibu Mansuri, mwendeshaji. Chini yake, kwa herufi ndogo: Eufrazia, shahidi.

Eufrazia aliisoma mara mbili, na safari hii alikuwa na miwani. Kisha akarudi kibarazani, akalipiga teke boksi la gundi. Misumari ilitawanyika hadi barabarani.

"Wewe! Nenda ukafute jina lako! Sasa hivi!"

Kibaraza kizima kililipuka.

"Kakasirika!" Editha alipiga makofi. "Mama Gervas kakasirika kwa mtani! Faini! Faini!"

"Kuku," alisema Thobias. "Kwa teke lile, jogoo."

Hata Eufrazia alijua kwamba wana haki. Na katika ile faini aliona nafuu. Faini hutozwa pale ambapo utani ungali utani. Kama ni utani, jina litafutwa. Jioni ile alileta jogoo mwekundu aliyetumwa na dada yake kwa lori la Mgeta. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nasibu alimchinja mwenyewe, jogoo akapikwa kwenye jiko la Editha, na adhana ilipoadhiniwa Nasibu alifuturu kwa paja la yule jogoo mbele ya watu tisa. Eufrazia hakuonja. Kwake ilikuwa Juma Kuu, na nyama alikuwa ameiacha tangu Jumatano ya Majivu.

"Kesho naenda ofisini, mjakazi wangu," Nasibu alisema, akilamba vidole. "Nakurudishia uhuru wako na fremu yako. Ila utaulilia utumwa, nakwambia. Utanikumbuka."

"Nenda tu, mpagazi. Ukichelewa nakubebesha gunia."

Kesho yake hakwenda. Alisema kuna foleni. Keshokutwa alisema Oscar hayupo. Ikaja Ijumaa Kuu, ikaja Pasaka. Jumatano ya tarehe 12 alifunga safari ya Dumila kutafuta matairi makuukuu ya kukatia soli, na matairi ya namna hiyo yalikuwa yamejaa Msamvu, hapo hapo mjini.

Tangazo lilitoa siku kumi na nne za pingamizi tangu orodha ibandikwe. Alhamisi, siku ya kumi, Eufrazia alifunga duka saa tatu asubuhi na kwenda ofisini peke yake. Oscar alimpa fomu. Ilitaka mashahidi wawili kutoka miongoni mwa waliokwisha kuandikwa. Chini yake palikuwa na sentensi ambayo kila mwenye fremu alikuwa nayo kichwani, isipokuwa yeye, kwa kuwa hakuwahi kufikiri itamhusu: pingamizi lolote litasimamisha ugawaji wa safu nzima hadi litakaposikilizwa.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo," alimwambia Oscar. "Ulicheka."

"Nilicheka, mama. Lakini nilikuuliza fremu ni ya nani, nikakuuliza mwendeshaji, na mara mbili ulisema yeye. Nifanyeje? Hapa hapana mahali pa kujaza kicheko."

Editha alitia sahihi bila kuulizwa mara ya pili. Thobias aliisoma fomu mpaka mwisho, akairudisha.

"Sitii sahihi."

"Thobias, hukuniona humu miaka yote?"

"Nimekuona."

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, na nilisikia. Alisema yake, ukasema ndiyo. Niandike kwamba sikusikia?" Aliangalia mabati yake yaliyorundikwa hadi dari. "Mama Gervas, ukipinga, tunasimama wote. Wewe unapigania fremu moja. Mimi nikisimama miezi miwili, mtaji unakwisha, sina hata hiyo moja."

Eufrazia alipita milango mingine kumi na tano. Wanne walisema watafikiri. Wengine walisema mengi, wakampa pole, wakamkaribisha maji. Hakupata sahihi ya pili. Aliipeleka fomu ikiwa na sahihi moja. Oscar hakuikataa, aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaipeleka chumba cha ndani.

Fiza aliwaita Eufrazia na Nasibu Jumatatu tarehe 17, siku ya mwisho, saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa na meza, viti vitatu na mfano wa jengo jipya chini ya kioo, na vijiti vya kijani badala ya miti.

"Shikamoo, Mama Gervas."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakufahamu," Fiza alisema. "Nilikuwa nikija na baba kuchukua kodi, unanipa karanga. Nataka ujue kwamba nakufahamu." Aliipindua fomu. "Una mkataba?"

"Baba yako hakuandikiana na mtu. Alikuja, akapewa kodi, akaandika namba."

"Ndiyo. Daftari lake ninalo. Lina namba, halina majina. Ndiyo maana nikaagiza watu waandikwe mlangoni. Leseni?"

Eufrazia alitoa kitambulisho cha mjasiriamali. Fiza alikitazama mbele na nyuma. Hakikutaja fremu, wala Kihonda.

"Kumbukumbu yangu siwezi kuifanya ushahidi," Fiza alisema. "Nikiikubali kwako, watakuja hamsini kunikumbusha karanga walizonipa. Lakini iko njia fupi, na pingamizi halitahitajika." Akageuka. "Bwana Nasibu. Wewe mwenyewe ukisema uliandikwa kwa makosa, nafuta sasa hivi, nabadilisha jina, na safu haisimami hata siku moja. Fremu namba 17 ni ya nani?"

Palikuwa na feni darini. Nasibu alikuwa amevaa shati jeupe ambalo Eufrazia alilifahamu. Alilivaa sikukuu tu, na sikukuu ilikuwa bado siku nne au tano mbele. Alitazama ule mfano wa jengo.

"Yangu," alisema.

Eufrazia alingoja. Miaka kumi na moja ilikuwa imemfundisha kwamba baada ya neno hilo hufuata mkia: babu, rehani, msafara. Alikuwa hata na jibu tayari. Alingoja hadi Fiza alipoishika kalamu, na mkia haukuja.

"Nasibu," alisema. "Mwambie."

"Nimemwambia."

Fiza aliandika mstari mmoja. Alisoma kwa sauti alichoandika: pingamizi halikutimiza mashahidi, na aliyeandikwa amethibitisha. Saa nne na dakika ishirini na tano aligonga muhuri.

Nje, penye ngazi, Eufrazia alimshika Nasibu mkono wa shati. Hakupiga kelele.

"Nilikukosea wapi?"

"Hukunikosea."

"Basi?"

"Nilitania. Haki ya Mungu siku ile nilitania. Wao ndio walioandika." Alijaribu kuutoa mkono, akauacha. "Tangu nizaliwe, jina langu halijawahi kubandikwa popote. Limebandikwa mara moja. Wewe ukitoka hapa una shamba Mgeta, la ukoo wa mama yako, hakuna wa kukufukuza. Mimi nikitoka barazani naweka wapi boksi? Watoto watano."

"Shamba ni robo eka. Tuko dada wanne, na nusu yake ni jiwe."

"Ni lenu."

"Kuku wangu ulimla ukijua?"

Nasibu alifikiri. Hilo Eufrazia hakumnyima: kwamba alifikiri kwa kweli kabla ya kujibu.

"Kuku nilimla nikiwa bado sijajua. Nilijua nikiwa Dumila. Nisamehe, Mama Gervas."

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Eufrazia aliachia shati.

Fremu zilitakiwa ziwe tupu ifikapo tarehe 30 Aprili. Jumamosi ya tarehe 29, lori lililoteremsha karoti na kabichi alfajiri lilisimama mbele ya safu kabla ya kupanda tena Mgeta. Taniboi na dereva walipakia magunia saba, mizani, viti viwili na kabati la kioo lililopasuka upande. Editha alibeba makopo ya vipimo. Thobias alitoa kamba mpya dukani kwake na kufunga mzigo mwenyewe, fundo kwa fundo.

Saa nane na nusu mchana Oscar alifika na fomu za makabidhiano. Kila fremu ilikabidhiwa na mwendeshaji aliyeandikwa, pamoja na funguo. Nasibu hakuwa na funguo. Ilibidi asogee hadi penye lori.

"Mjakazi," alisema, sauti ikiwa ya zamani, "unanitoroka na funguo zangu?"

Editha alicheka mara moja, akaziba mdomo. Watu wa kibarazani walimtazama Eufrazia. Dereva naye alimtazama, maana alikuwa wa Mgeta na alijua kwamba neno la namna hiyo haliachwi likaanguka chini.

Eufrazia alifungua pindo la kanga, akatoa funguo mbili, wa kufuli la nje na wa mlango wa ndani. Alimpa Oscar. Oscar akampa Nasibu, Nasibu akamrudishia Oscar, kama fomu ilivyotaka. Eufrazia alipanda mbele, akafunga mlango wa lori.

Lori liliondoka saa tisa kasoro dakika tano. Saa tisa kamili, Nasibu Mansuri alitia sahihi mahali palipoandikwa mwendeshaji.